Makoo Arobaini Mbele ya Lango

Jiwe la kwanza lilimpata Shigela sikioni. Alipoinama kushika palipouma, la pili likampata kisogoni. Minza aliyaona yote mawili kutoka dirisha la maktaba, juu ya lango la bwawa, na kwa kitambo kidogo alidhani mlinzi yule ameinama kuokota kofia yake. Kisha watu wa Nungu wakamfunika kama siafu wanavyomfunika panzi. Marungu yalipoinuka tena yalikuwa yamelowa.

Muda mfupi kabla ya hapo watu haohao walikuwa wakiimba. Walisimama arobaini mbele ya lango, vifua wazi, miguu ikitifua vumbi la mchana, na manju wao Luhende akiwaongoza kwa usinga mweupe. Waliuimba wimbo wao wa lango toka mwanzo hadi mwisho. Sikio, lile bakuli la shaba lililoning'inizwa juu ya mlango wa chuma, liliwasha taa yake ya manjano, likasikiliza, likaizima. Mlango haukusogea. Wakaimba tena. Taa ikawaka, ikazimika. Zamu iliyopita ilikuwa vivyo hivyo, na tangu siku hiyo ng'ombe wa upande wa Nungu walikuwa wakifa wamesimama, na akina mama walikuwa wakilowesha midomo ya watoto wao kwa maji ya maboga.

Ng'ambo ya mfereji watu wa Korongo walikuwa wamekuja kutazama, kama ilivyo desturi. Ngoma ya mshindani wako huikosi hata ukiwa na homa. Mmoja wao akacheka. Pengine alicheka jambo lake jingine kabisa. Shigela, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda lango wala hakuwa wa upande wowote, alinyoosha mikono katikati yao akasema, "Jamani, mashine inaumwa. Mpeni dada Minza nafasi aitazame." Hakusema neno jingine tena.

Minza alirudi nyuma kutoka dirishani. Akagundua kwamba mkono wake ulikuwa tayari juu ya meza ya dirishani, kando ya kitufe kidogo kilichofunikwa kwa kipande cha ngozi. Akauondoa polepole, kama mtu anayeondoa mkono karibu na moto.

Mji wa Mwabulenga haukuwa na ufunguo wa maji. Zamani ulikuwa nao. Lango lilifunguka kwa kidole cha msimamizi, na vita vya maji vilipoanza, vidole vilikatwa vikapita sokoni ndani ya vifuko vya chumvi. Wakaweka kufuli la kusoma macho. Watu wakang'olewa macho. Mwishowe vyama viwili vya ngoma, Nungu na Korongo, vikakaa chini na kukubaliana kwamba ufunguo uwe kitu ambacho huwezi kumkata mtu mmoja ukaondoka nacho. Uwe wimbo. Kila upande una wake, uimbwe siku ya zamu yake na makoo arobaini yaliyo hai, nalo Sikio liulinganishe, kwa maneno na mahadhi yake, na faili lililotunzwa maktabani. Tangu hapo hakuna aliyepoteza kidole.

Kitufe kile kilikuwa jambo jingine, na Shigela alikiita mlango wa paka. Waliounda Sikio walikiacha kwa ajili ya matengenezo: ukikibonyeza na kukishikilia, Sikio huacha kuwasikiliza watu na kulisikiliza faili lenyewe, na lango hupanda bila koo hata moja. Mji mzima uliamini kwamba kitu cha namna hiyo hakipo. Minza na Shigela walikitumia wakati wa kufanya majaribio tu, lango likiwa limekatiwa umeme, na kila walipomaliza Shigela alitema mate pembeni kama mtu aliyetaja ugonjwa.

Sasa ni Minza peke yake aliyejua. Aliketi mbele ya skrini. Nyimbo za Nungu zilijipanga kwa majina yake, za palizi, za harusi, za kusifu fahali, na mbele ya nyingi kati yake kulikuwa na alama nyekundu: faili halipo. Wimbo wa lango nao ulikuwa na alama hiyo.

Miguu ikasikika ngazini.

*

Luhende alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya chini hata anapokasirika. Nyuma yake aliingia mpwa wake Gindu, mpana wa mabega, akimburuta mwanamke kwa mkono mmoja na panga likiwa katika mkono wa pili. Mwanamke huyo alikuwa Nkwimba, manju wa Korongo, waliyemkamata alipovuka mfereji. Kitenge kilikuwa kimesokomezwa kinywani mwake, na kitenge hicho, kilichokuwa cha buluu, kilikuwa kinageuka cheusi.

"Shikamoo, manju," alisema Minza. Mazoea yalitangulia akili.

"Marahaba. Utuwie radhi kwa damu. Najua sakafu yako huwa safi."

Luhende akaweka juu ya meza jani la mgomba lililokunjwa vizuri, kama mtu anayeleta nyama kwa jirani. Jani likafunguka lenyewe kidogo. Minza aliuona ulimi uliokuwa ndani, akayahamisha macho yake na kuyatua kwenye ukuta, akayaacha huko.

"Aliyetuibia wimbo hataimba tena," alisema Luhende. "Hiyo kazi tumeimaliza. Iliyobaki ni yako. Tafuta mahali alipouficha."

"Shigela je?"

"Shigela aliingia katikati ya ndovu wawili."

"Hakuwa na kosa."

"Nyasi huwa hazina kosa, dada."

Gindu alimsukuma Nkwimba, akaanguka ubavuni karibu na kabati la mashine. Hakulia. Alipumua kwa pua, kwa sauti ya maji yanayochemka.

Minza akaanza kazi. Faili huweza kuhama, huweza kuoza, huweza kufutwa, na kila hali huacha harufu yake. Alianza na kuoza: akazipima diski moja moja, zote zilikuwa nzima. Akatafuta kuhama: akapekua kila sehemu kwa jina la wimbo, asipate kitu. Mikono yake ilitulia kadiri alivyoendelea, kwa sababu ilikuwa imejifunza kazi hii bila mwalimu, kwa kukosea na kurudia, na haikujua kuna panga chumbani.

"Mjomba, anatuzungusha," alisema Gindu.

"Muache. Hata fundi wa ngoma huigonga kwanza."

"Manju," alisema Minza, "jina halinisaidii. Niimbie mstari mmoja hapa, mashine itafute kwa sauti."

Luhende aliinama kwenye kinasa sauti. Akaimba taratibu, kama anayembembeleza mtoto: *Nungu, miiba ya chuma, upepo ukija husimama.* Pale sakafuni Nkwimba aliinua kichwa.

Mashine haikuchelewa. Iliandika kwamba wimbo upo, nakala moja, nzima. Kisha vipaza sauti vikatoa sauti ya mwanamke, kali na tamu, na nyuma yake makoo ya Korongo:

*Nungu, miiba ya nyasi,*
*upepo ukija hulala.*
*Muulizeni baba yake Luhende*
*vita alipigania wapi:*
*alipigania ndani ya ghala,*
*amejifunika ungo.*

Luhende alisikiliza hadi mwisho. Mshipa ulimsimama shingoni. "Umesikia, Gindu? Ameutoa wetu, akaweka wake mahali petu." Akanyoosha mkono, na Gindu akampa panga.

"Hakuuweka yeye," alisema Minza. "Ni mimi."

Panga lilisimama hewani.

Minza hakuwahi kuwa msemaji. Alieleza kwa mpangilio, akitazama skrini. Kiangazi kilipoanza, diski zilikuwa zimejaa. Aliiagiza mashine itafute nyimbo zilizowekwa mara mbili, ibakize moja iliyo safi, ifute nyingine. Rekodi za kale zilijaa upepo, maneno yalikuwa yameliwa, kwa hiyo aliiambia isijali maneno. Ilinganishe mahadhi na mdundo peke yake.

"Na mtu akikutukana kwa ngoma," aliendelea, "unamjibu kwa nini?"

"Kwa mahadhi yake mwenyewe," alisema Luhende. "Vinginevyo hujamjibu."

"Ndivyo alivyofanya mama Nkwimba. Alichukua mahadhi yenu na mdundo wenu, akatia maneno yake. Mashine ilisikia wimbo mmoja uliowekwa mara mbili. Wa kwenu ulikuwa wa zamani zaidi, umechakaa. Ikaufuta. Kila wimbo wa Nungu uliojibiwa na Korongo umefutwa vivyo hivyo."

"Wewe ni mzaliwa wa hapa. Umecheza ngoma hizi. Hukujua?"

"Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Ndiyo maana sikulifikiria."

Gindu alimpiga kwa ngumi. Pigo lilimtoa kitini; meno mawili yalitoka na mate, na chumba kikajaa mlio wa nzi ambao hawakuwapo. "Mashine yako imekula wimbo wetu," alisema Gindu akiwa amesimama juu yake. "Hebu iambie icheue."

"Uliofutwa haucheuliwi." Minza alishika ukingo wa meza, akajiinua. Damu ilimtiririka kidevuni ikadondokea kwenye vitufe vya herufi. "Nyimbo nyingine zimeandikwa juu yake."

"Tutauimba upya," alisema Luhende. "Uunase sasa hivi."

"Wimbo mpya hauingii maktabani mpaka manju wote wawili wauimbe pamoja mbele ya Sikio. Mlikubaliana wenyewe, ili upande mmoja usijitungie funguo. Sauti yako, na sauti ya mama Nkwimba."

Macho yao yakaenda mezani, kwenye jani la mgomba, moja baada ya jingine. Hata Gindu, ambaye ndiye aliyeushika ulimi ule wakati wa kuukata, aliifuta mikono yake kwenye suruali.

"Korongo watateua manju mwingine," alisema Luhende.

"Baada ya mavuno. Kabla ya hapo ni mwiko."

"Watoto wetu hawafiki mavuno."

"Najua."

"Hakuna njia nyingine?"

Kipande cha ngozi kilikuwa umbali wa shubiri moja tu kutoka kwenye jani lile. Minza alifikiria vifuko vya chumvi. Kama angebonyeza sasa, watoto wangekunywa leo. Na kabla jua halijatua mji mzima ungejua kwamba ufunguo umerudi kuwa mtu mmoja. Angekuwa wa kwanza kukatwa, na hilo hakulihofia sana. Alihofia wa pili, na wa tatu, na wote ambao wangekaa kwenye kiti hiki baada yake.

"Ipo," alisema. "Mashine ilipofuta wimbo wenu, iliihamisha zamu yenu kwenye huu uliobaki. Orodha inaonyesha pengo, lakini Sikio halisomi orodha. Siku ya zamu yenu linasubiri wimbo huu."

"Upi?"

"Wa mama Nkwimba."

Gindu alicheka, kicheko kifupi kisicho na pumzi. "Yaani tusimame arobaini, tujitukane wenyewe, tumtukane na babu yangu, ndipo tunywe?"

Sauti ilitoka sakafuni. Ilikuwa ya kutisha, yenye mapovu, na iliwachukua muda kutambua kwamba Nkwimba alikuwa anacheka pia.

Luhende hakumgusa; alimrudishia Gindu panga lake. Alisimama dirishani akitazama chini, mahali ambapo mwili wa Shigela ulikuwa umelazwa kando ili usikanyagwe, na wanawake wa Nungu wamekaa juu ya ndoo tupu zilizopinduliwa. "Na maneno," aliuliza bila kugeuka, "nani kati yetu anayajua?"

Gindu alitazama miguu yake. "Wote, mjomba. Tusi husahauliwa na aliyelitoa."

*

Mtu wa kwanza kukataa alikuwa seremala mmoja wa safu ya nyuma. Alitoka kwenye mstari, akatema mate, akaanza kwenda zake. Gindu alimfuata na kumvunja goti kwa rungu, kisha akambeba begani hadi mahali pake na kumsimamisha kwa mguu mmoja, akiegemea wenzake. Sikio lilitaka makoo arobaini, halikutaka magoti. Hakukuwa na wa pili kukataa.

Wapigaji ngoma, hata hivyo, waliitupa mikwaju yao, vijiti vya kupigia, katika mfereji mkavu. Walisema mtu anaweza kulazimishwa kufungua kinywa, lakini mkono ukipiga bila kutaka, Sikio litasikia. Luhende alikuwa bado anawatazama pale Nkwimba, aliyeshuka ngazi nyuma yao, alipopita kati ya watu, hakuna aliyemzuia, akashuka mferejini, akaiokota mikwaju, akarudi na kukaa nyuma ya ngoma kubwa ya Nungu. Kitenge alikuwa amekitoa. Damu ilikuwa imemshuka hadi kiunoni. Akapiga mara moja, kama anayebisha hodi.

Luhende akainua usinga na kuanza.

Minza alikuwa amerudi dirishani, akiwa amebana shavu kwa kitambaa. Aliwahi kusikia ngoma nyingi, lakini hakuwahi kusikia wanaume wakiimba huku wanalia kwa hasira, wala kusikia sauti zikikaza hivyo kwenye kila neno, kana kwamba kila mmoja analing'oa la kwake kifuani. *Nungu, miiba ya nyasi.* Ng'ambo, Korongo walisimama kimya wakiwa na mikuki. Hawakujua wafanye nini na manju wao aliyekuwa akiwapigia adui ngoma. Waimbaji walipofika kwenye ghala na ungo, sauti ya Luhende ilikatika, ikarudi, ikapita.

Taa ya manjano iliwaka. Ikabaki imewaka. Mlango wa chuma ukanguruma ukaanza kupanda, na maji yakatoka chini yake, ya kahawia kwanza, kisha safi.

Wanawake walivamia. Walijaza ndoo, sufuria, madumu, kofia. Lango hubaki wazi kadiri wimbo unavyoendelea, kwa hiyo wale arobaini walimaliza na kuanza upya, wakamaliza na kuanza upya, na Nkwimba hakuwapumzisha. Kila walipofika kwenye maneno ya baba yake Luhende, mwanamke huyo aliupunguza mdundo, ili wayaseme maneno yale polepole.

Ndipo pipa moja la bati liliposukumwa na maji likajibana chini ya mlango, na mkondo ukaanza kukwama. Luhende, ambaye hakuwa miongoni mwa wale arobaini, alimpa Gindu usinga akashuka mferejini akiendelea kuimba. Aliingia chini ya mlango, maji yakimpiga kifuani, akalisukuma pipa kwa bega. Likageuka ghafla na kumbana mguu kwenye jiwe.

Nkwimba alikuwa anamtazama. Minza aliona hilo waziwazi, kama mtu aonavyo ufa kwenye kioo.

Mikwaju ikasimama.

Watu waliendelea kuimba kwa nusu mstari, kisha kila mmoja akashika mwendo wake, wimbo ukafumuka kama kikapu kibovu. Taa ikapepesa. Mlango ulianza kushuka. Haukuanguka, ulishuka taratibu, kwa uzito wote wa chuma chake. Luhende alivuta mguu, haukutoka. Gindu alipiga kelele ya kuwaongoza, sauti yake ikapotea. Akamrukia Nkwimba na kumtia panga begani. "Piga!" Akamtia tena. Nkwimba alikuwa ameishika mikwaju, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akimtazama Luhende tu. Ng'ambo mkuki wa kwanza wa Korongo uliruka ukamwingia seremala wa mguu mmoja tumboni, na kuanzia hapo hakukuwa na wimbo wala mstari, ilikuwa ni watu na vyuma majini.

Mlango ulifika kwenye mabega ya Luhende. Alipiga magoti. Ukamfuata.

Minza hakumpenda mtu yule. Jani la mgomba lilikuwa bado mezani. Lakini kosa lililompeleka Luhende chini ya chuma kile lilianzia kwenye kiti hiki, kwenye mstari mmoja wa maagizo aliouandika akinywa uji. Na Shigela alikuwa ameshaulipia, na Nkwimba ameshaulipia, na hakuwa na mahali pa kuweka mwingine. Baadaye hakukumbuka kuwa aliamua. Alikumbuka tu kwamba ngozi ilikuwa laini na kitufe kilikuwa baridi.

Vipaza sauti vilivyokuwa juu ya lango vikafunguka. Sauti ya Nkwimba ikatoka, ile ya zamani, kali na tamu, yenye ulimi wake wote, na nyuma yake Korongo wenye umri mdogo, wengine wakiwa ni marehemu. Mlango ukasimama mgongoni mwa Luhende. Ukatetemeka. Ukaanza kupanda.

Walimvuta akiwa na mguu uliosagika kuanzia kifundo. Alikuwa hai. Pale ukingoni Nkwimba, aliyelala juu ya ngoma, aligeuza uso kuelekea sauti yake mwenyewe, macho yakiwa wazi, na Minza hakuweza kujua kama bado anaisikia.

Mapigano yalikoma polepole, kwa sababu watu walikuwa wanaanza kusikia. Wimbo ulikuwa unaendelea. Hakuna aliyekuwa akiimba. Maji yalikuwa yanamwagika, mengi, meupe, kwa ajili ya yeyote, na mbele ya lango hapakuwa na koo hata moja lililofunguliwa.

Gindu ndiye aliyeinua uso kwanza, akatazama dirishani. Kisha Nungu wote. Kisha Korongo, ng'ambo, mikuki ikiwa imeshushwa. Hawakumtazama Minza machoni. Waliutazama mkono wake.

Naye akautazama. Kidole cha shahada kilikuwa bado juu ya kitufe, kimejikunja kidogo, kina doa la damu ya meno yake. Angekiondoa, lango lingefungwa, na ndoo nyingi zilikuwa bado tupu. Akakiacha hapo.

Miguu ilianza kupanda ngazi, mingi, ya pande zote mbili. Ilikuwa inapanda kwa mdundo mmoja.